Oili ya Difu na Dawa ya Msuguano kwa Magari ya Ufipa

Mada ya leo ni oili ya difu, na hasa oili inayofaa kwa difu ya aina ya LSD, ambayo imefungwa katika baadhi ya pikapu na magari ya kazi yanayopita kila siku kwenye barabara za mkoa wa Rukwa, mara nyingi bila mwenye gari kujua kwamba anayo. Swali linaloyaongoza mazungumzo haya ni moja, nalo litarudiwa ili lishike: kabla ya kununua oili, je, mwenye gari anajua kilichomo ndani ya difu yake? Asiyejua hawezi kuchagua kwa uhakika, hata akinunua oili ya bei ya juu kuliko zote dukani.

Inafaa kuanza na difu yenyewe. Difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli, ambalo hupokea mzunguko kutoka kwenye propela shafti, likaugeuza kwa pembe ya digrii 90, kisha likaupeleka kwenye magurudumu ya kushoto na kulia. Kazi yake ya pili ni kuyaruhusu magurudumu hayo yazunguke kwa mwendo tofauti, kwa kuwa gari linapokata kona gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani, na kama yote mawili yangefungwa kwenye chuma kimoja kisichogawanyika, moja lingelazimika kuburuzwa. Difu ya kawaida huifanya kazi hiyo vizuri sana kwenye barabara kavu, lakini ina udhaifu unaojulikana na kila dereva aliyewahi kuteremka kwenye bonde la Ziwa Rukwa wakati wa mvua. Difu hiyo huyapa magurudumu yote mawili nguvu sawa ya kuzungusha, kwa hiyo moja likiingia kwenye tope laini lisilo na mshiko, nguvu inayopita hapo huwa ndogo, na lile la pili, hata likiwa limesimama juu ya mwamba, hupata nguvu ndogo hiyohiyo. Moja huzunguka bure likirusha tope, la pili halisogei, na gari limekwama.

Wahandisi waliuona udhaifu huo zamani. Katika miaka ya 1930 nchini Ujerumani, Ferdinand Porsche alipokuwa akisanifu magari ya mashindano ya Auto Union, injini ilikuwa na nguvu kiasi kwamba gurudumu moja la nyuma liliweza kuzunguka bure hata gari likiwa katika mwendo mkali, na mwaka 1935 kampuni ya ZF ilipewa kazi ya kutengeneza difu ya kuzuia jambo hilo. Mwaka 1956 kampuni ya Packard ya Marekani iliiweka difu ya namna hiyo kwenye magari ya kuuzwa kwa wananchi, na baadaye watengenezaji wa Japani waliifunga, kama kifaa cha kawaida au cha kuchagua, katika magari ya kazi kama Toyota Hilux, Land Cruiser za mfululizo wa 70 na Nissan Patrol, ambayo hadi leo huingia nchini kupitia bandari ya Dar es Salaam na kupandishwa hadi Sumbawanga. Difu hiyo ndiyo mafundi wanayoiita LSD, yaani difu yenye kikomo cha mtelezo: huruhusu tofauti ya mwendo kati ya magurudumu mawili, lakini tofauti hiyo ikizidi, huizuia.

Je, huizuiaje? Ndani ya LSD ya pleti, ambayo ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi wa oili, kuna visahani vyembamba vya chuma vilivyopangwa kwa kupokezana, kimoja kikiwa kimeshikamana na ekseli na kinachofuata kikiwa kimeshikamana na kasha la difu. Springi, pamoja na msukumo wa gia zenyewe gari linapovuta, huvikandamiza visahani hivyo, kwa hiyo gurudumu linalotaka kukimbia peke yake hulazimika kwanza kuushinda msuguano wa visahani, na nguvu inayozuiwa na msuguano huo ndiyo inayopelekwa kwenye gurudumu lenye mshiko. Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba visahani hivi, tofauti na pleti ya klachi ya kawaida ambayo hukaa pakavu, vimelowa oili, na oili yenyewe ni ileile inayolainisha gia kuu za difu, yaani kraunwili na pinieni. Oili moja inatumikia mabwana wawili: gia zinazotaka utelezi, na visahani vinavyoishi kwa msuguano. Ugumu wote wa kuchagua oili ya LSD unatoka katika jambo hilo.

Zipo LSD nyingine zisizo na visahani vya msuguano vilivyolowa oili ya difu. Torsen, iliyobuniwa na Mmarekani Vernon Gleasman na kupewa hataza mwaka 1958, hutumia gia za ond zinazobanana zenyewe, na kwa kawaida haihitaji dawa yoyote ya msuguano. Nyingine hutumia silikoni nzito iliyofungiwa ndani ya kopo lake lisilochanganyika na oili ya difu. Ipo pia difu ya loki, ambayo dereva huifunga kwa swichi akiwa kwenye tope na kuifungua akitoka, nayo si LSD hata kidogo. Hiyo hutumia oili ya kawaida ya difu. Madereva wengi huchanganya loki na LSD, na kuchanganya huko huwafanya wanunue dawa isiyo na kazi ndani ya gari lao.

Basi swali lile linarudi: mwenye gari atajuaje kilichomo? Mahali pa kwanza pa kutazama ni kibati cha utambulisho, ambacho katika magari ya Toyota huwa kwenye ukuta wa injini au kwenye nguzo ya mlango, kikiwa na sehemu iliyoandikwa A/TM. Herufi na tarakimu za ekseli zilizo hapo, zikipelekwa kwa muuza spea mwenye katalogi, hueleza ukubwa wa difu, uwiano wa meno yake na kama ni LSD. Mahali pa pili ni difu yenyewe, kwa kuwa baadhi hutoka kiwandani na kibandiko karibu na nati ya kujazia kinachoagiza oili ya LSD peke yake, ingawa baada ya miaka mingi ya vumbi na matope kibandiko hicho huwa kimekwisha kung'oka. Njia ya tatu ni jaribio la mkono: magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe au vigingi, magurudumu yote mawili ya nyuma yainuliwe na kuwekwa juu ya stendi imara, injini ikiwa imezimwa, gia ikiwa huru na breki ya mkono imeachiwa, kisha gurudumu moja lizungushwe kwa mkono. La pili likizunguka kinyume, difu hiyo huenda ni ya kawaida. Likifuata upande uleule, au likikataa kabisa kuzunguka, mara nyingi kuna visahani ndani. Neno huenda limetumika kwa makusudi, kwa sababu LSD iliyochakaa hujibu kama difu ya kawaida, na Torsen isiyo na mzigo hujibu hivyo pia. Ndiyo maana kibati huaminika kuliko mkono.

Sasa mazungumzo yageukie oili. Kraunwili na pinieni za magari mengi ni za aina iitwayo hipoidi, ambamo pinieni hukaa chini ya mstari wa katikati wa kraunwili, jambo linaloongeza nguvu ya meno na kupunguza kelele, lakini linalofanya meno yasibiringishane tu, bali pia yaburuzane kwa urefu wake chini ya mgandamizo mkubwa sana. Katika hali hiyo utando wa kawaida wa oili huchanika, na chuma kingegusana na chuma na kutafunana kama oili isingekuwa imetiwa viambato vya salfa na fosforasi, ambavyo hupata joto pale meno yanapogusana, vikaungana na uso wa chuma na kujenga ngozi nyembamba inayokubali kusuguliwa badala ya chuma chenyewe. Mtu anaweza kuuliza, je, gari linalokwenda polepole linahitaji ulinzi huo? Linauhitaji zaidi. Lori au pikapu inayopanda kutoka bonde la Ziwa Rukwa kurudi uwanda wa Ufipa, takribani mita 1,000 za kupanda, ikiwa imebeba mpunga au samaki na ikienda kwa gia nzito, inazungusha meno ya difu kwa mwendo mdogo na kwa nguvu kubwa, na mwendo mdogo hauwezi kujenga utando mnene wa oili kati ya meno. Hapo kazi yote hubaki kwa viambato.

Taasisi ya Petroli ya Marekani, inayojulikana kwa herufi API, imezipanga oili za gia kwa madaraja, na mawili yanayokutwa zaidi madukani ni GL-4 na GL-5. GL-5 ina viambato hivyo vya salfa na fosforasi kwa kiasi kinachokaribia maradufu ya GL-4, nayo ndiyo inayoagizwa kwa difu za hipoidi. GL-4 ni ya gia boksi nyingi za kawaida, ambazo ndani yake mna pete za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana; pete hizo hufanya kazi kwa msuguano, na shaba huweza kuliwa na salfa iliyo kali. Kwa hiyo mwenye gari asiridhike kuambiwa kwamba oili ni ya gia, kwa kuwa gia boksi na difu ni vitu viwili, na herufi zilizo kwenye kopo ndizo zinazovitenganisha. Oili ya injini haifai kabisa ndani ya difu ya hipoidi, na ile chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini haifai mara mbili, kwa kuwa imekwisha kubeba masizi na unga wa chuma.

Linalofuata ni uzito wa oili, na hapa pana dhana inayohitaji kusahihishwa kwa subira. Watu wengi huamini kwamba oili namba 90 ya difu ni nzito zaidi ya mara mbili kuliko namba 40 ya injini, kwa kuwa 90 ni zaidi ya mara mbili ya 40. Sivyo. Jumuiya ya Wahandisi wa Magari, SAE, ina vipimo viwili tofauti, kimoja cha injini na kingine cha gia, vyenye tarakimu ambazo hazilinganishwi, na ukweli ni kwamba oili ya gia namba 90 ikipata moto hukaribiana kwa uzito na oili ya injini ya namba 40 au 50. Tarakimu zikiwa mbili, kama 80W-90, ile ya kwanza yenye herufi W hueleza tabia ya oili kwenye baridi kali, na ya pili hueleza uzito wake kwenye joto la kazi.

Je, baridi ya Ufipa ni baridi ya namna hiyo? Wakazi wa Sumbawanga, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, wanaijua baridi ya Juni na Julai, na dereva anayeondoka mtaa wa Majengo alfajiri anahisi kwamba difu yake ni nzito hadi ipate moto. Lakini vipimo vya W vimewekwa kwa ajili ya nchi za theluji: 85W hupimwa kwenye nyuzijoto 12 chini ya sifuri, 80W kwenye 26 chini ya sifuri, na 75W kwenye 40 chini ya sifuri. Uwanda wa Ufipa haufiki huko. Vitabu vingi vya magari ya Toyota ya miaka iliyopita vinasema waziwazi kwamba mahali ambapo joto halishuki chini ya nyuzi 18 chini ya sifuri, oili ya SAE 90 inatosha, kwa hiyo 80W-90 au 85W-90 ya daraja la GL-5 inafaa kwa sehemu kubwa ya magari hayo ya Rukwa, mlimani na bondeni. Aliye na gari jipya ambalo kitabu chake kinaagiza 75W-85 au 75W-90 afuate kitabu, maana mtengenezaji alisanifu beringi na meno kwa uzito huo. Na anayeshawishiwa kuweka namba 140 ili kuzima kelele ajue kwamba oili nzito mno husambaa polepole asubuhi, huongeza joto na hula mafuta ya kuendeshea gari, huku kelele ikifichwa kwa muda na beringi iliyochakaa ikiendelea kuchakaa. Namba 140 ina magari yake, hasa malori mazito yaliyoagiziwa uzito huo na watengenezaji wake.

Hadi hapa mazungumzo yamehusu gia. Sasa yanafika kwenye visahani na kwenye ile chupa ndogo ambayo mafundi huiita dawa ya difu, na ambayo kitaalamu ni kirekebishi cha msuguano. Kuna misuguano ya aina mbili, msuguano tuli, unaoshikilia vitu viwili vilivyosimama, na msuguano mwendo, uliopo vitu hivyo vinapokwisha kuanza kutelezana. Anayesukuma gunia la mahindi sakafuni anaujua ukweli huu kwa mabega yake: kulianzisha ni kugumu, na likishaanza kwenda huwa jepesi kidogo. Visahani vya LSD vikiwa ndani ya oili isiyofaa hutenda vivyo hivyo. Gari linapokata kona kwa mwendo mdogo, visahani hushikamana, ekseli hujipinda kidogo, msuguano tuli unashindwa kwa ghafla, visahani vinateleza, mvutano unaisha, vinashikamana tena, na mzunguko huo hujirudia mara nyingi kwa sekunde. Dereva husikia mtetemo na mngurumo wa kukatakata kutoka nyuma, hasa anapogeuza gari sokoni au anapozunguka kituo cha mafuta, na huogopa kwamba difu inavunjika.

Dawa hufanya nini? Ndani yake kuna molekuli ndefu ambazo ncha yake moja hushika uso wa chuma, na mkia wake husimama nje, zikajipanga kwa wingi na kutengeneza zulia laini juu ya kila kisahani. Zulia hilo hupunguza msuguano tuli hadi uwe sawa na msuguano mwendo au chini yake kidogo, na hapo visahani huanza kuteleza kwa ulaini bila kuruka. Msikilizaji azingatie kwamba lengo si kuondoa msuguano wote. Dawa ikizidi kipimo, visahani huteleza mno, na difu iliyonunuliwa kwa ajili ya tope hugeuka kuwa difu ya kawaida siku ambayo tope limefika. Hili lirudiwe, maana ndilo linalosahaulika: dawa kidogo mno huleta mtetemo, dawa nyingi mno huondoa faida ya LSD, na mtetemo huwa na heri yake, kwa kuwa unasikika, ilhali dawa iliyozidi hukaa kimya hadi gari likwame.

Historia ya dawa hii ina sura moja inayostahili kutajwa. Kwa miaka mingi mafuta ya nyangumi yalikuwa miongoni mwa vitu bora vya kurekebisha msuguano katika oili za gia na za gia boksi za otomatiki, na nyangumi wakawindwa kwa ajili ya matumizi kama hayo hadi sheria za Marekani za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilipofunga mlango huo. Wakemia walilazimika kutafuta vitu vingine, na wakavipata. Si jambo dogo kwamba chupa iliyoko dukani leo haihitaji tena kiumbe wa baharini auawe ili gari likate kona bila kutetemeka.

Sasa, ni lini dawa itiwe? Hatua ya kwanza ni kusoma chombo cha oili, kwa sababu oili nyingi zilizoandikwa LS au LSD pamoja na GL-5 tayari zimetiwa kirekebishi cha msuguano kiwandani, na kwa difu nyingi za pleti za Kijapani hizo hutosha zenyewe bila nyongeza. Mwenye LSD ya pleti anayeipata oili hiyo aitumie hiyo, wala asiongeze chupa kwa kudhani kwamba kizuri kikiongezwa huwa kizuri zaidi. Asiyeipata, akawa na GL-5 ya kawaida tu, anaweza kuongeza dawa kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wa dawa. Chupa za Kimarekani huwa za takribani mililita 120 kwa ekseli moja. Ni busara kuanza na nusu ya kipimo, kisha gari lipelekwe kwenye uwanja mpana ulio tambarare, liendeshwe polepole katika umbo la tarakimu 8, mizunguko kadhaa kushoto na mingine kulia, ili visahani vitelezane na oili mpya iingie katikati yake. Mtetemo ukiisha, dawa iliyobaki isitiwe. Ukibaki, iongezwe kidogo na mizunguko irudiwe, bila kuvuka kipimo cha juu.

Na kwa difu ya kawaida, je? Haina visahani, haihitaji dawa, na fedha hiyo ifanye kazi nyingine. Kwa gia boksi ya kawaida dawa hiyo ina madhara hasa, kwa kuwa pete za shaba zilizotajwa awali zikikosa msuguano haziwezi kulinganisha mwendo wa gia, na gari huanza kusaga kila gia inapobadilishwa. LSD ambayo visahani vyake vimekwisha haiponi kwa dawa wala kwa oili. Hiyo inataka kufunguliwa na kuwekwa visahani vipya.

Kabla ya kuilaumu oili, ni haki kuchunguza mambo mengine yanayofanana na mtetemo wa visahani. La kwanza limeongezeka tangu lami ilipofika. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani chini ya mkataba wa Changamoto za Milenia uliotiwa saini mwaka 2008, ilibadilisha safari za Rukwa, na leo dereva anaweza kutoka kwenye tope la kijijini na kuingia kwenye lami baada ya mita chache. Akisahau kuondoa fowili, yaani uendeshaji wa magurudumu manne, katika gari ambalo fowili yake huunganisha ekseli ya mbele na ya nyuma bila difu ya katikati, gari litajibana, litatetemeka na kuruka kwenye kona kwa namna inayofanana sana na LSD yenye njaa ya dawa. Tiba yake ni kurudisha mtambo kwenye magurudumu mawili, bila tone la dawa.

La pili ni matairi. Mtindo wa kununua tairi moja moja la mtumba, kadiri fedha inavyopatikana, unaeleweka, lakini kwenye ekseli yenye LSD matairi mawili yenye vimo tofauti hulazimisha visahani kutelezana safari nzima, hata kwenye barabara iliyonyooka kuelekea Namanyere, na hapo oili huungua na visahani huisha mapema bila kosa la muuza oili. Ikiwa fedha hairuhusu matairi manne yanayolingana, basi mawili yanayolingana yawekwe kwenye ekseli yenye LSD. La tatu ni aina ya sauti: mtetemo wa visahani husikika kwenye kona na kwa mwendo mdogo, ilhali mvumo unaopanda na kushuka pamoja na mwendo kwenye njia iliyonyooka ni sauti ya beringi au ya meno.

Muda wa kubadilisha oili nao hauwezi kuachwa. Vitabu vingi vya magari ya kazi hutaja kilomita 40,000 kwa matumizi mepesi na nusu yake, kilomita 20,000, kwa mizigo mizito, vumbi na matope, na barabara za bondeni za kwenda Kilyamatundu bila shaka ziko upande wa pili wa hesabu hiyo. LSD ya pleti isizidishe kilomita 20,000, kwa kuwa unga wa visahani huchafua oili na kirekebishi cha msuguano hudhoofika kwa joto. Maji nayo hayangojei kilomita. Difu iliyopata moto ikiingizwa ghafla kwenye mto wa baridi, hewa iliyomo husinyaa, na maji hunyonywa ndani kupitia kipumulio kilichoharibika au, kipumulio kikiwa kimeziba, kupitia sili iliyochoka. Oili hugeuka rangi ya maziwa, nayo haitengenezeki tena, ni ya kumwagwa siku hiyohiyo. Mpira wa kupandisha kipumulio hadi juu ya fremu ni wa bei ndogo, na kila gari linalovuka mito bondeni linastahili kuwa nao.

Wakati wa kubadilisha, nati ya kujazia ifunguliwe kabla ya ile ya kumwagia, kwa sababu difu iliyokwisha kumwagwa na ambayo nati yake ya juu imeshika kutu ni gari lililokwama gereji. Oili imwagwe ikiwa na moto kiasi. Kwenye sumaku ya nati ya chini, tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida, lakini kipande kinachokwaruza kidole ni jino au beringi inayoomba kufunguliwa. Oili mpya ijazwe gari likiwa tambarare hadi ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia.

Kuhusu kununua, oili inayopimwa kutoka kwenye pipa lisilo na maandishi haiwezi kujulikana daraja lake, na kwa difu ya LSD hilo peke yake ni sababu ya kutosha kuiacha. Harufu kali ya salfa, ambayo wengine huitumia kama kipimo, huonyesha tu kwamba kuna viambato fulani. Haisemi kama ni GL-4 au GL-5, wala haisemi lolote kuhusu kirekebishi cha msuguano. Kopo liwe limefungwa, kizibo kisiwe kimeguswa, maandishi yataje GL-5, uzito, na LS au LSD panapohitajika, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, itazamwe. Difu ya gari dogo au pikapu huchukua lita chache tu, kwa hiyo tofauti ya bei kati ya oili inayojulikana na isiyojulikana, ikigawanywa kwa kilomita 20,000, ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya kraunwili na pinieni.

Limebaki onyo moja la usalama, nalo linawahusu mafundi, matingo na madereva wote. Katika difu ya kawaida, mafundi wamezoea kuinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na kuwasha injini katika gia ili kusikiliza mlio. Katika LSD jambo hilo lisifanyike kamwe, kwa kuwa visahani vitapeleka nguvu kwenye gurudumu lililo chini, na gari litajitupa kutoka kwenye jeki likiwa na mtu chini yake au mbele yake. Magurudumu yote mawili yainuliwe juu ya stendi, au injini ibaki imezimwa.